Karatasi Iliyompima Immaculata

Immaculata aliishi Pasiansi, Mwanza, pamoja na mumewe Deodatus na binti yao Queen. Deodatus alikuwa seremala. Queen alikuwa darasa la sita. Kwao asili ni Bukoba, lakini Mwanza walikuwa wameshapazoea.

Kila asubuhi Immaculata alivaa mabuti yake ya mpira, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kazini kwa miguu. Alifanya kazi katika kiwanda cha samaki kando ya ziwa. Ilikuwa mwaka 1996. Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wanafungua viwanda, na minofu ya sangara ilipandishwa ndege kwenda Ulaya.

Immaculata alikuwa msimamizi wa meza ya minofu. Chini yake walikuwapo watu kumi na wanne wenye visu. Alijua nani anachoka mapema na nani akiudhiwa hukata vibaya. Barafu ikipungua, yeye ndiye aliyeona kwanza. Akipaza sauti, meza yote ilimsikia.

Siku moja alikuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Meneja, Bwana Ndalahwa, aliwakusanya wafanyakazi wote.

"Mtajibu maswali arobaini," alisema. "Karatasi hii itatuonyesha kila mtu ni wa tabia gani kati ya aina nne, na kazi gani inamfaa."

Immaculata alijibu haraka haraka. Jana yake alikuwa amemzika shangazi yake. Karatasi ilimuuliza: "Unapenda kuongea na watu au kukaa kimya?" Akaweka alama kwenye kukaa kimya. Ikamuuliza: "Unapenda kuamua mwenyewe au kuamuliwa?" Alikuwa amechoka mwili na akili. Akaweka alama kwenye kuamuliwa.

Baada ya wiki moja aliitwa ofisini.

"Immaculata, wewe ni Aina ya Tatu," meneja alisema. "Mfuasi. Kuanzia kesho utarudi kwenye kisu. Msimamizi atakuwa Shimba. Yeye ni Aina ya Kwanza, Kiongozi."

Immaculata aliegemea meza ya meneja.

"Bosi, nimesimamia meza ile miaka mitatu. Kuna siku kazi iliharibika?"

"Sijasema umeharibu. Lakini hiyo ndiyo tabia yako. Imepimwa kitaalamu."

Alitoka bila kuaga. Nje alimkuta Shimba, kijana mkimya kutoka Magu, hodari wa kisu kuliko wote. Macho ya Shimba yalikuwa mekundu.

"Dada, mimi sikuomba," alisema. "Hata kusema mbele ya watu siwezi."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Shimba aliona makosa lakini hakukemea. Samaki walirundikana mezani, barafu ikayeyuka. Siku moja wakaguzi walikataa makreti tisa ya minofu, kwa kuwa ilikuwa imeanza kunuka.

Lakini jambo baya zaidi lilitokea nyumbani. Queen alirudi kutoka shule akiwa anacheka.

"Mama, mwalimu anataka niwe kiranja!"

"Kamwambie hapana," Immaculata alijibu. "Sisi ni watu wa kufuata, mwanangu. Mama yako amepimwa. Usijitafutie aibu."

Kicheko cha Queen kikakatika. Deodatus aliweka randa chini, akamtazama mkewe kama anayemtazama mgeni.

"Mama Queen, ni wewe unayesema maneno hayo?"

Jioni ile ile Deodatus alikwenda kwa jirani yao, Mwalimu Kashindye, akamweleza yote. Mwalimu huyo alifundisha saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu, katika chuo cha ualimu. Walirudi pamoja, Mwalimu akiwa na karatasi tatu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," Queen alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo nitawapima tabia. Kila mmoja ajibu maswali haya kumi. Asimwonyeshe mwenzake."

Walijibu. Kesho yake Mwalimu alirudi na bahasha tatu, kila moja ina jina la mwenyewe. Immaculata alisoma kimya kimya:

"Una moyo wa kusaidia, lakini huumia watu wasiposhukuru. Mara nyingi hunyamaza ili kuepusha ugomvi, ila ukichoka utasema. Kuna mambo unayoyaweza ambayo wengine hawajayaona."

Machozi yalimlengalenga. "Mwalimu, huyu ni mimi kabisa. Umejuaje?"

"Mimi pia!" Deodatus alisema. "Hasa hapo pa kunyamaza."

"Hata mimi," alisema Queen.

"Sasa badilishaneni."

Walibadilishana. Immaculata alisoma karatasi ya mumewe. Akanyakua ya Queen. Maneno yalikuwa yale yale, nukta kwa nukta. Alishika mdomo.

"Yesu na Maria! Umetuandikia kitu kimoja?"

"Niliandika kabla hamjajibu. Majibu yenu hata sikuyasoma."

Queen akaanza kucheka.

"Maneno kama haya yanamfaa karibu kila mtu," Mwalimu alieleza. "Nani asiyeumia akikosa shukrani? Mtu akiambiwa yameandikwa kwa ajili yake, anayaamini. Kwa hiyo usiseme karatasi ni ya kweli kwa sababu tu imekugusa moyo."

"Lakini ile ya kazini ilikuwa na maswali arobaini," Immaculata alisema.

"Nikuulize kitu cha kazi yako. Unampima sangara, mzani unasema kilo sita. Unampima huyo huyo tena, unasema kilo tisa. Utafanyaje?"

"Nitaacha kuutumia. Mzani huo ni mbovu."

"Na kipimo cha tabia ni hivyo hivyo. Mtu yule yule akipimwa leo na mwezi ujao, majibu yanatakiwa yakaribiane. Haya, kuna mzani mwingine. Huo haukosei kilo. Je, utakuambia kama samaki ameoza?"

"Mzani haunusi, Mwalimu!"

"Basi hata karatasi ikitoa jibu lile lile kila siku, bado tuulize: inapima kweli uwezo wa kuongoza? Nani amethibitisha? Vipo vipimo vilivyofanyiwa utafiti kwa watu wengi, tena kwa miaka. Hivyo vinasaidia. Lakini havimfungii mtu kwenye sanduku moja kati ya manne. Watu wengi wako katikati, si wakimya mno wala si wasemaji mno. Na hata kipimo kizuri hakitakiwi kuamua peke yake."

Immaculata alimgeukia Queen. "Nilikuambia nini jana, mwanangu? Nisamehe. Kesho mwambie mwalimu unakubali."

Asubuhi alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Bosi, naomba tupimwe tena. Mimi na Shimba. Fomu zilizobaki zipo."

Bwana Ndalahwa alikunja uso. Lakini yale makreti tisa yalikuwa bado yanamuuma. Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu na karatasi ya kusahihishia. Wao wakajibu. Yeye naye, kwa kutaka kujua, akajaza ya kwake.

Karani wa ofisi alisahihisha. Alirudia mara mbili.

"Soma," meneja alisema.

"Immaculata, Aina ya Kwanza. Kiongozi. Shimba, Aina ya Nne. Mtulivu."

"Na yangu?"

Karani alimsogezea karatasi. "Aina ya Tatu, bosi. Mfuasi."

Bwana Ndalahwa aliichukua karatasi. Akaisahihisha upya mwenyewe.

"Watu wangapi nimewahamisha kwa kitu hiki?" aliuliza polepole.

"Kumi na mmoja," Immaculata alijibu.

Wiki ile wote kumi na mmoja waliulizwa wanataka kazi gani. Kila aliyetaka usimamizi alipewa majaribio ya wiki mbili. Meneja alihesabu minofu iliyokataliwa, akawauliza na wenzao wa meza. Immaculata alirudi kwenye nafasi yake. Mwezi uliofuata hakuna kreti hata moja la meza yake lililokataliwa. Shimba alipewa kazi ya kuwafundisha wageni kutumia kisu. Aliwafundisha mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, na walielewa vizuri.

Jumatatu moja Immaculata alipita karibu na shule. Alisikia sauti kali ikipanga mistari: "Darasa la tatu, nyamazeni! Nyoosheni mstari!" Watoto mia na zaidi walitii. Alichungulia juu ya ua ili amwone mwenye sauti.

Alikuwa Queen. Immaculata alibaki ameshikilia ua, mdomo wazi, hadi kengele ilipolia.