Mdomo wa Korongo Mbele ya Nyumba ya Bibi Geeske

Kila Jumamosi asubuhi mtaa mzima wa Oosterwier ulisikika ukikwaruza. Watu walitoka na majembe yao ya kusukuma, wakaparua udongo wa bustani za mbele ya nyumba mpaka ukabaki mweusi, bila jani lisiloalikwa. Miaka nenda miaka rudi, bustani ya Bibi Geeske ndiyo iliyokuwa ikimalizika ya kwanza. Kisha Bibi akateleza kwenye barafu, akaumia nyonga, na magugu yakajikaribisha.

"Mama, tusidanganyane," alisema Mjomba Sible siku moja ya vuli, mdomo umejaa mkate wa sukari. "Huwezi tena kuinama. Naleta vigae vya saruji, naisakafia bustani yote. Utafagia tu, basi."

Bibi alitazama kikombe chake cha kahawa. Fenna, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, alijua anachowaza. Chini ya udongo ule vililala vitunguu vya maua, vile vishina vinene vinavyochipua maua kila mwaka, alivyopanda marehemu Babu: maua ya vikengele vyeupe, ambavyo huchomoza theluji ikiwa bado ipo, na nargisi za njano zinazofuata. Chini ya saruji visingepata pa kutokea.

"Mjomba, nipe mpaka mwezi wa tano," Fenna akasema. "Nitapanda kitu cha kufunika udongo, magugu yakose pa kuota."

"Wewe? Wewe ambaye hata kitanda hutandiki?"

"Kitanda hakioti magugu, Mjomba."

Bibi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mjomba naye akashindwa kujizuia. "Haya. Ila nikija nikakuta magugu, ni vigae, na sitaki machozi."

Fenna hakumuuliza mtu. Kwenye ukuta wa zamani kando ya mfereji paliota mmea mtambazi wenye majani mazito, yanayong'aa hata wakati wa baridi. Mwenye ukuta alifurahi mmea huo upunguzwe. Fenna akavuta kamba zake ndefu pamoja na mizizi, akazitandaza bustani nzima kama zulia. Wapita njia walisimama kusifu, naye akavimba kichwa.

Mwezi wa pili ukafika. Kwa majirani vikengele vyeupe vilichomoza kila kona. Kwa Bibi hakuna hata kimoja. Kila asubuhi Bibi alisimama dirishani, akatazama nje, akarudi kuketi. Jambo hilo lilimchoma Fenna. Mwishowe alipiga magoti bustanini na kuinua majani. Chini yake, machipukizi yalikuwa yamepauka na kujipinda, yakitafuta mwanga bila kuuona.

"Bibi!" aliita huku analia. "Nimeyaua maua ya Babu!"

Bibi akatoka polepole na mkongojo wake, akachungulia. "Hayajafa, mwanangu. Yamefungiwa. Ng'oa huo mtambazi wote, leo hii."

"Lakini magugu hayakuota."

"Sikatai. Gugu sikuliona, na ua sikuliona. Ulichagua mwenye nguvu, hukuuliza anaishije na wenzake. Nyuma ya kanisa maua huota kila mwaka na hakuna anayekwaruza. Nenda ukaangalie yanaishi na nani."

Basi Fenna akaung'oa mtambazi wote siku hiyohiyo, kisha akawa anapitia nyuma ya kanisa kwa baiskeli kila akitoka shule. Kati ya nargisi aliona mmea mfupi wenye majani ya mviringo yaliyochanika pembeni. Ulikuwa umejikunja chini, kana kwamba unawapisha wengine. Alimpelekea Bibi jani moja.

"Huu ni mdomo wa korongo," Bibi akasema, uso umechangamka. "Subiri uone mbegu zake, zimechongoka kama mdomo wa ndege huyo. Baridi yote hulala. Maua ya vitunguu yakianza kuchoka, wenyewe ndio unaamka, unatanda na kuyanyima magugu mwanga. Na majani ya nargisi yakigeuka njano, unayasitiri. Majani hayo hayakatwi, maana ndiyo yanayolisha kitunguu kwa mwaka ujao."

Fenna aliustaajabia mmea ule kuliko ua lolote. Aliomba ruhusa kanisani, akagawanya mashina makubwa, akayapanda moja moja. Nafasi zilizobaki wazi alizipalilia kwa mkono, mvua ikimnyeshea, vidole vimekufa ganzi. Bibi alimtazama kutoka dirishani, na safari hii alikuwa akitabasamu.

Mwezi wa tano Mjomba Sible alikuja na vigae ndani ya tela la gari. Akasimama. Majani mabichi yalikuwa yametanda kote, yana maua madogo ya zambarau, na nargisi zilizonyauka zimejificha humo. Akainama, akafunua hapa, akafunua pale, magoti yakalowa.

"Sioni kitu," akakiri.

Fenna alikuwa ameshaona. Pembeni kabisa, nyuma ya ngazi, gugu moja lilikuwa limechomoza. Angenyamaza tu, Mjomba angeondoka na vigae vyake.

"Lipo moja, Mjomba. Pale nyuma ya ngazi."

Mjomba akaliangalia gugu, kisha akamwangalia Fenna. "Mimi nilisema magugu," alisema. "Sikusema gugu."

Akaling'oa mwenyewe. Kisha akateremsha vigae vinne tu, akavipanga karibu na mlango, akaweka kiti juu yake ili Bibi apate pa kukaa.

Bibi aliketi na kumvuta Fenna karibu. "Mtambazi wako ulificha kila kitu, tukakaribia kupoteza kila kitu," alisema. "Mdomo wa korongo unafunika, lakini hauzibi mtu. Na wewe leo ulikuwa na gugu la kuficha, hukulificha. Babu yako angekuwepo, angetembea mtaa mzima akijisifia mjukuu."