Niliizima Maiki ya Dada Yangu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, nina mke na watoto wanne, naishi Kyela mjini. Nakodisha muziki: spika, maiki na jenereta, kwa harusi, misiba na mikutano ya injili. Jina naliacha. Wanaonijua watanitambua, na wakinitambua wasinionee huruma.

Dada yangu mkubwa, Tusekile, alikuwa mfinyanzi, akiuza vyungu sokoni Lyulilo, kando ya ziwa, kama mama yetu. Alikuwa pia mtunzi wa nyimbo za Mungu, za kwake mwenyewe, kwa Kinyakyusa, akipiga mdomo wa chungu kwa kiganja. Hakuwa na kwaya wala hakuwahi kurekodi. Wanakwaya walimcheka kwamba anamwimbia Mungu kwa chombo cha jikoni... nami nilicheka nao. Mimi mwenye spika! Miaka yote hiyo sikuwahi kumpa maiki hata ya kujaribia.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Miaka minne kabla ya hayo nitakayowaeleza, mama aliugua ghafla. Tusekile alimpakia kwenye mtumbwi kutoka kijijini kwetu Ikombe, akanipigia simu niwapokee Lyulilo kwa gari langu la kubebea spika, niwakimbize hospitali. Nilikuwa kwenye harusi Kasumulu. Nikamjibu nakuja. Akapiga tena, nikamwambia niko njiani, na wakati nasema hivyo nilikuwa nimeketi na sahani ya pilau. Mara ya tatu sikupokea. Mama alikata roho pale ufukweni, kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake.

Msibani wajomba waliuliza kwa nini mgonjwa hakufikishwa hospitali. Niliona macho yananigeukia. Nikasema Tusekile hakunipa taarifa, kwamba alishinda akimwimbia na kumwombea mama badala ya kutafuta gari.

Kwa nini waliniamini? Kwa sababu nyimbo zake hazikuwa kwenye kitabu cha kanisa, na mtu wa namna hiyo lolote husadikiwa juu yake. Yeye aliniangalia tu, akainama. Tangu siku hiyo akaitwa mwanamke aliyemuua mama yake kwa nyimbo.

Mwaka jana kulikuwa na sikukuu ya mavuno kule Busale. Mchungaji mgeni alikuwa amemsikia Tusekile sokoni akamwalika aimbe, na muziki uliokodiwa ulikuwa wangu. Alifika asubuhi na kitenge kipya, chungu kichwani, ndani kina maji.

"Ugonile, mdogo wangu?" akanisalimia. Miaka minne tulikuwa hatujasalimiana.

Nikamuuliza maji ni ya nini.

"Ya kazi. Utaona."

Nikadhani ni ya kubadilisha mlio wa chungu.

Aliimba, jamani. Sauti ile niliisikia kwa mara ya kwanza kwenye spika zangu mwenyewe. Watu waliokuwa wakinadi mikungu ya ndizi wakanyamaza. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Kyala, Mungu, anayewaona walio ziwani. Wa pili ulikuwa wa mtumbwi na mama mgonjwa. Wa tatu ukaanza: "Nilimwita ndugu yangu..."

Mkono wangu ulishuka wenyewe kwenye miksa. Hapana, nisiseme uongo tena. Niliushusha mimi. Nikaizima maiki yake.

Jenereta lilikuwa linanguruma vilevile. Taa nyekundu ya spika ilikuwa inawaka, na Tusekile aliiona, akajua umeme upo. Akaendelea kwa sauti yake tupu, amenyoosha mkono kuelekea kwangu, lakini kelele za jenereta zikammeza. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka. Mshereheshaji akasema asante dada, mitambo imetusumbua, kwaya ijiandae. Tusekile akajitwika chungu chake, maji yakimmwagikia mabegani, akaelekea barabarani.

Nami nilijipongeza, mnasikia? Nilijiona nimeponea chupuchupu.

Hakuimba tena. Miezi mitatu baadaye homa ikamshika. Safari hii simu ilinikuta nyumbani, gari likiwa uani, nikaendesha kama mwehu... Nilifika amekwisha kufa.

Shangazi yetu, aliyemuuguza nyumbani kwake, aliniita chumbani alikolazwa.

"Mwanangu, ule wimbo wa Busale uliusikia mpaka mwisho?"

Nikasema hapana. Yeye alikuwa ameketi mstari wa mbele, aliusikia wote. Akaniimbia polepole. Kwa Kiswahili ni hivi: Nilimwita ndugu yangu, hakuja. Nimemkasirikia, Kyala, na hasira imenila mimi. Ndugu yangu, njoo tuseme yote, maji haya hapa.

Nilikaa chini. Kwa mila zetu, ndugu wenye kinyongo husema kila mmoja lililo moyoni, kisha hupiga funda la maji na kuyapuliza chini, hasira ikatoka. Hilo nalijua tangu utotoni. Nilikiona chungu, nikayaona maji, na nilichofikiria ni mlio tu!

Nikauliza kwa nini siku ya msiba wa mama hakunikanusha, wakati simu yake ingeonyesha kuwa mimi ni mwongo.

"Alisema hawezi kumuumbua mdogo wake mbele ya jeneza la mama," shangazi akajibu.

Chungu kilikuwa pale pembeni. Nikakitia maji, nikayachota kwa kata, nikapiga magoti kando ya mwili wake, nikasema yote: harusi, pilau, simu ya tatu, wajomba, maiki. Nikapiga funda, nikapuliza. Kisha nikabaki nimemnyooshea kata, nikilia, nikimngoja na yeye.

Shangazi akaichukua kata mkononi mwangu taratibu.

"Ndaga, asante, mwanangu. Umesema vizuri. Lakini maji haya ni ya watu wawili."

Kwenye mazishi nilishika maiki nikawaambia wajomba ukweli. Wengine hawanisalimii mpaka leo, na sina la kuwalaumu.

Ninyi mnaosoma, kama kuna ndugu mliyemsingizia, nawasihi, nendeni kwake angali hai. Mmwache aseme mpaka mwisho, hata kama anachosema ni aibu yenu. Mimi dada yangu alinibebea maji kutoka ziwani mpaka Busale, akarudi nayo.