Mfenesi Si Mgomba

"Ukiugusa huo mti, na mie nafungasha."

"Fungasha! Kamba ya mzigo nitakununulia mwenyewe."

"Haya, sema kwa sauti, mtaa wote usikie."

"Wasikie! Mti umekufa, mwanamke. Juzi tawi limetoboa bati. Unangoja litutoboe vichwa?"

"Umekufa? Na nani kauua?"

 Projestus alimtazama mkewe, Kokuberwa, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Kisha akaupiga mfenesi teke. Ganda likabanduka, likaanguka chini.

Ilikuwa Temeke, mwezi wa Agosti, wakati Mwingereza angali anatawala. Vuli ya mwaka uliopita haikunyesha. Masika nayo yalikuja manyunyu, yakaondoka. Mchanga ulichoma nyayo tangu saa tatu asubuhi. Mfenesi uliosimama uani kwa Projestus ulikuwa umepukutisha majani nusu nzima. Matawi ya juu yalikauka, yakabaki kama vidole vya mgonjwa.

Projestus alikuwa karani wa bohari, mtu wa Kanyigo, kule Bukoba. Mkewe mtaani walimwita Mama Demetria. Alikuwa fundi wa kushona. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na bati, na mchana ndani mlikuwa tanuri. Basi cherehani yake ilikaa chini ya mfenesi, tangu walipohamia. Bila kivuli hakuna cherehani. Na bila cherehani angekuwa mtu wa kumwomba mumewe kila kitu, hata chumvi. Hilo Kokuberwa alilijua vizuri. Ndiyo maana hakukubali mti uguswe.

"Hodi hapa!"

Aliingia Fakihi, mchongaji kutoka Newala, shoka begani, msumeno na kamba mkononi. Projestus ndiye aliyemwita. Walikuwa wamepatana: Fakihi aukate mti, na shina alichukue, achonge vinu.

"Karibu, fundi," Projestus akasema. "Mti ndio huo. Anza."

"Fundi Fakihi, shikamoo," Kokuberwa akasema. "Ukianza, anza na mie."

"Marahaba, mama. Mie nimekuja kukata mti, sikuja kukata watu." Fakihi akaweka shoka chini. Akauzunguka mfenesi mara moja, mara ya pili. Uso ukaanza kumkunjamana. "Karani, hili lundo hapa shinani ni la nini?"

"Mbolea. Nyasi na samadi. Kila Jumamosi naongeza, kwa mikono yangu. Na kila jioni ndoo ya maji, hapo hapo shinani. Mwaka mzima! Halafu shukrani yake ndiyo hiyo, kunitobolea bati."

Lundo lilimfika Projestus kiunoni. Fakihi akalifukua kwa mikono. Ndani mlikuwa na joto na unyevu, mna harufu ya kuoza. Mchwa wakatoka mbio. Ganda la mti upande ule lilikuwa laini kama mkate uliolowekwa.

"Nani kakufundisha haya?"

"Nani anifundishe? Kwetu kila mtu anafanya hivyo. Mgomba unaulundikia nyasi, unanenepa."

"Nyie Wahaya mnadhani kila kinachoota ni mgomba!"

"Na nyie wa Newala mnadhani kila mti ni kinyago!"

"Afadhali kinyago, hakiozeshwi miguu!" Fakihi akachomoa kisu. Akakwaruza ganda kidogo tu, upande mwingine wa shina, usawa wa kifua chake. Utomvu mweupe ukachuruzika kama maziwa. "Umeona? Umeniita nibebe maiti, kumbe maiti anapumua! Upande mmoja umeoza, pande nyingine nzima. Mie siukati."

Kokuberwa akacheka kwa nguvu, akimwangalia mumewe.

"Na wewe, Mama Demetria, usicheke," Fakihi akamgeukia. "Huu uwanja anaufagia nani?"

"Mie. Kila alfajiri. Unataka nikae kwenye takataka?"

"Takataka? Hayo majani ndiyo chakula cha mti, na ndiyo blanketi lake. Unafagia mpaka mizizi iko uchi. Jua linaichoma. Mmoja anaozesha, mwingine anakausha. Kweli mmeoana!"

Kicheko kikamkauka Kokuberwa mdomoni.  Alitazama chini, akaona mizizi imetokeza mchangani kama mishipa ya mkono. Miaka minne alikuwa akiipitishia fagio, na hakuwahi kuiona.

Fakihi akachukua kipande cha nondo. Akakichoma ardhini karibu na shina. Kikaingia laini, kikatoka na tope. Kisha akapiga hatua mpaka pale ncha za matawi zinapoishia. Akakichoma tena. Kikagoma. Kilipotoka kilikuwa na vumbi tupu.

"Haya, tazameni. Hapa shinani mnauzamisha. Kule unakufa kiu. Mti mkubwa haunywi shinani. Mizizi midogo inayokunywa iko kule, chini ya ncha za matawi, na kupita hapo."

"Sasa tufanyeje?" Kokuberwa akauliza.

"Lundo lote litoke leo. Shina lipate hewa, lionekane mpaka pale mizizi inapoanza kutanuka. Hizo nyasi kavu na majani mnayofagia, tandazeni chini ya matawi yote, unene wa kiganja. Lakini yasiguse shina, acheni nafasi ya mkono mzima. Samadi mbichi acheni. Na maji siyo ndoo kila siku. Mara moja kwa wiki, lakini mengi, na polepole, yazame chini. Toboeni debe kwa msumari, tundu moja dogo. Lijazeni, liwekeni pale kwenye ncha, lidondoke taratibu. Likiisha, lisogezeni. Mpaka mmalize duara."

"Tutajuaje yametosha?"

"Nondo hii hapa. Ikizama urefu wa kutoka vidole mpaka kiwiko chako, yametosha. Kukiwa bado kubichi, msimwagilie."

"Na matawi?" Projestus akauliza, kwa sauti ya chini sasa. "Tuyapunguze?"

"Makavu tu! Kiangazi hiki ukikata yenye majani unaunyima nguvu." Fakihi akapanda na msumeno. Akakata matawi matatu yaliyokufa. Hakuacha kisiki kirefu, wala hakukwangua mpaka shinani. "Kile kikunjo cha shingoni, pale tawi linapoota, unakiacha. Hapo ndipo mti unafunga kidonda. Na wewe mama, kamba yako ya nguo uliyoipigilia hapa shinani, ing'oe misumari yake. Ifunge kwenye nguzo."

Akayafunga matawi makavu kwa kamba yake. "Vinu nimekosa. Nitachonga miiko. Siku nzima mmenipotezea." Akaondoka amenuna.

Projestus naye alinuna. Lundo aliliondoa, lakini maji aliyakataa. "Mie nimeshamwagilia mwaka mzima," alisema. Basi Kokuberwa akachota peke yake bombani. Kila Jumatano madebe sita. Mgongo ulimuuma, na hasira ilimbeba.

Jirani yake Margareta alikuwa anachungulia uani.

"Mama Demetria, fagio limekatika? Mbona uwanja kama msitu?"

"Fagio zima. Nimelipumzisha. Na wewe pumzisha macho."

Septemba mti haukusema kitu. Oktoba vichipukizi vya kijani vilitokeza, mvua ikiwa bado. Majani yakashonana. Kivuli kikarudi juu ya cherehani. Mchwa hawakuonekana tena. Vuli iliponyesha, maji hayakukimbia uwanjani kama zamani. Yalizama chini ya yale majani. Na kabla ya Krismasi, mafenesi machanga yalikuwa yamening'inia shinani, kila moja kama ngumi.

Jumapili moja Projestus alirudi kutoka kanisani na mgeni wa kwao, Leodegar. Wakakaa kivulini. Kokuberwa alikuwa anakaza skrubu ya cherehani, hatua tatu kutoka pale.

"Mfenesi huu," Projestus akasema, akipiga shina kofi, "ulikuwa unakufa. Watu wakasema tukate. Mie nikakataa. Nikaushughulikia mwenyewe mpaka ukasimama."

"Loo! Ulifanyaje, ndugu yangu?"

"Aa, ni kazi. Mti unataka mtu mwenye moyo."

Kokuberwa aliweka bisibisi chini. Aliingia ndani, akatoka na debe lenye tundu na ndoo tupu. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika tangu siku kumi na mbili. Asubuhi alikuwa amechoma nondo, ikagoma.

Akamkabidhi mumewe ndoo, mkononi, mbele ya mgeni.

"Bomba liko pale pale, Baba Demetria. Safari sita. Anzia kule kwenye ncha, siyo shinani."

Projestus aliitazama ndoo. Akamtazama Leodegar. Wanaume wa kwao hawachoti maji; hata ile ndoo ya kila jioni mkewe ndiye aliyeichota, yeye akamwaga tu. Leodegar naye akaanza kutazama viatu vyake.

"Mama Demetria, leo Jumapili. Tuna mgeni..."

"Mgeni atakungoja. Kivuli anacho."

Akageuka, akaenda zake.