Linki ya Kumi na Mbili

Rafiki yangu hutengeneza tovuti, na si mtu wa kukuza mambo. Haya alinisimulia mara moja tu, akiangalia pembeni.

Mkewe, fundi cherehani, alipofariki, yeye alimtengenezea ukurasa wa kumbukumbu: picha kumi na moja za nguo alizoshona. Mama mkwe akapiga simu kutoka mbali.

"Mkwe wangu, mbona naona visanduku vitupu?"

Kinyozi hajinyoi. Linki zote zilielekeza kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwa hiyo picha zilifunguka kwake tu. Mchana ule mvua ilikuwa imetia chumba giza. Akazihamishia picha kwenye tovuti, akarekebisha linki moja moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya faili la sauti. Hakukumbuka kuiweka. Alilitafuta faili hilo kompyuta nzima, halikuwepo. Akaifuta linki.

Simu ikalia tena.

"Sasa naziona zote, ahsante. Na ile sauti nayo imefunguka."

"Sauti gani, mama?"

"Ya cherehani. Inakwenda, inakwenda, halafu inanyamaza."

Rafiki yangu alivua hedifoni shingoni. Ndizo alizokuwa amevaa masikioni siku mkewe alipoanguka chumba cha pili, naye akaendelea na kazi hadi jioni. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Sasa anakuita," mama mkwe alisema, akilia polepole. "Anakuita tena. Mwanangu, mbona huitiki?"