Kadi Aliyoitoa Derrick

Hadi leo sijajua ni nani aliyezipiga zile picha. Nimeuliza wanaojua kamera, nimeuliza wanaojua mambo ya wafu, na kila upande umenirudisha kwa ule mwingine. Picha zilikuwepo. Niliziona mchana kweupe, dukani, mjini Kitale. Zilipigwa kwa kamera ya dada yangu Dinah. Na ndani ya picha hizo Dinah mwenyewe alikuwamo, ameketi nyuma ya kamera hiyo hiyo.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mjomba wetu, mzee Wepukhulu wa Kabuchai, alikuwa amezikwa Jumamosi, na siku ya tatu ikawa ya kumuse. Kwetu Wabukusu, mzee wa heshima akifa, huitwa msemaji wa ukoo unaoruhusiwa kazi hiyo. Hutembea uwanjani na fimbo yake, akaeleza ukoo ulikotoka, akaonya walio hai, akawafariji waliofiwa. Watu huketi pande zote. Akishaanza kutembea hakuna anayesimama, na hakuna anayepita mbele yake. Mtoto akilia, alilie hapo hapo mapajani. Na maneno hayo hayarudiwi. Mtu husemewa kumuse mara moja tu.

Ndiyo sababu mjane wake, mama Nabwile, alitaka yarekodiwe yote bila kukatwa. Wajukuu wake wametawanyika, wengine hawajui hata njia ya kufika Kabuchai.

"Sitaki picha za watu wakikura," alimwambia Dinah kwa Kiswahili chake cha Kabuchai. "Nataka hiyo sauti. Siku wakiuriza babu yao arikuwa nani, niwawekee wasikie."

Dinah ana studio Kitale, na kwa mambo ya kadi za kamera ana masharti kuliko mganga. Hununua kwa Ngige peke yake, fundi wa kompyuta aliye jirani yake. Kadi mpya huijaza kwanza video ya ukuta wa studio, kisha huirudia yote kwenye kompyuta kabla haijakaribia harusi ya mtu. Hupenda kadi ndogo kadhaa kuliko kubwa moja, maana ndogo ikifa haifi na sherehe nzima. Hata rida, kile kifaa cha kusomea kadi, hawezi kushika zile za barabarani zinazopata moto kama sufuria. Anasema rida mbovu huua kadi nzima.

Asubuhi ile alikuwa amezipanga kadi zake ndogo, ila shida ilikuwa moja: kila akibadilisha, maneno ya msemaji yangekatika. Tulikuwa tunalizungumzia hilo mbele ya nyumba, katikati ya wajomba na shangazi, ndipo Derrick akaja. Derrick ni kitinda mimba wa marehemu. Ana kibanda cha simu, chaja na kadi pale Kitale, na ana maneno matamu.

"Dee, shika," alisema, akatoa kadi mpya ndani ya pakiti yake. "Hii ni kubwa. Itameza kumuse yote na ibaki na njaa. Ni mchango wangu kwa baba."

Dinah alishusha sauti. "Umeijaribu?"

"Si ni ya duka yangu, bana. Ama unaniona mkora?"

Watu wakacheka kidogo, wakamtazama Dinah. Mwana aliyefiwa akitoa kitu kwa ajili ya babake, mbele ya ukoo, huwezi kukigeuzageuza kama nyanya za sokoni. Dinah aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia kwenye kamera. Hilo ndilo kosa lenyewe. Nimelifikiria mara nyingi, na sioni nani kati yetu angefanya tofauti.

Kumuse ilikuwa nzuri. Msemaji alikuwa na sauti ya kupasua mawe, na Dinah aliketi nyuma ya kamera yake kwenye miguu mitatu bila kutikisika. Jambo moja tu lilinishangaza. Uwanja ulikuwa mtupu, umefagiwa. Lakini kila msemaji alipofika katikati alipinda kidogo, akazunguka, kisha akaendelea. Kama mtu anayempisha mwenzake aliyeketi chini.

Siku chache baadaye Dinah alinipigia simu shuleni Bungoma, ninakofundisha. "Njoo Kitale," alisema. "Mama Nabwile anakuja kuchukua video na haifunguki. Sitaki kumwambia nikiwa peke yangu."

Nilimkuta dukani kwa Ngige. Mama Nabwile alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kitambaa cha matanga bado kichwani. Derrick alisimama mlangoni na soda mkononi. Nje mvua ya Kitale ilikuwa inajiandaa.

Ngige aliitia kadi kwenye rida nzuri, akaitoa, akaitia kwenye nyingine. Akafungua programu yake ya kuokoa vitu vilivyopotea. Akakuna kidevu.

"Dinah, hii si yangu," alisema. "Mimi siwezi kukuuzia kitu kama hii. Nje imeandikwa kubwa, ndani ni kakadi kadogo kamedanganywa kaseme ni kakubwa. Kakijaa, kanarudi mwanzo na kuandika juu ya ile uliyorekodi kwanza. Na kamera haijui. Inaendelea tu kuonyesha inarekodi."

"Kwa hivyo?" mama Nabwile aliuliza.

Ngige alimtazama, akaivua kofia yake. "Kwa hivyo sauti hakuna, mama. Imejikanyaga yote."

Mama Nabwile hakulia. Alifungua mkoba, akaufunga.

"Hiyo kadi iritoka wapi?"

Dinah alimtupia Derrick jicho. Najua alikuwa anamhurumia mama.

"Dinah. Nimekuuriza."

"Mama, hata mimi niliuziwa hivyo," Derrick alisema kutoka mlangoni. "Kila mtu mjini anauza hizi. Watu wanaweka nyimbo, wanaweka mapicha ya birthday, hakuna mtu hurudi kulalamika."

"Urijua?"

Derrick aliangalia soda yake. "Nilidhani hii itashika."

Mimi huwa sikasiriki upesi. Nimewasamehe vijana mambo mengi darasani, na huwa najaribu kuona mtu amebanwa na nini kabla ya kumlaumu. Siku ile damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yakivuma. Si kwa sababu alidanganya watu wa Kitale. Ni kwa sababu alisimama mbele yetu sote, akaliita jambo hilo mchango.

"Babako amesemewa mara moja," mama Nabwile alisema, polepole, kila neno likitoka peke yake. "Mara moja, Derrick. Ukareta uongo ukaiweka ndani ya kumuse yake."

"Mama, pole."

"Usiniambie pore. Si mimi nirisemewa."

Ndipo Ngige akasema, "Kuna picha hapa."

"Sikupiga picha," Dinah alisema. "Nilirekodi video tu."

"Ziko." Ngige alibonyeza. "Na si za mtu mwingine. Kila picha hubeba ndani yake namba ya kamera iliyoipiga. Hii ni namba ya kamera yako. Tarehe ni ya hiyo siku."

Picha ya kwanza ikafunguka.

Ilikuwa kumuse. Ilikuwa Dinah, ameketi, kamera mbele yake kwenye miguu mitatu, jicho kwenye kioo. Ilipigwa kutoka katikati ya uwanja. Kutoka chini, usawa wa mtu aliyeketi kwenye udongo.

"Nani alikuwa hapo?" Ngige aliuliza.

Hapakuwa na mtu hapo. Hapawezi kuwa na mtu hapo.

Picha ya pili ilikuwa ya mtu aliyeketi kando ya Dinah. Uso tu, umejaa kioo chote. Ya tatu, aliyeketi kando ya huyo. Zilikuwa zinafuata mstari. Uso mmoja, uso mwingine, kama mtu anayekagua. Nilijiona mwenyewe, nimeinamisha macho. Nilimwona mama Nabwile. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaitazama kamera.

Isipokuwa mtoto mchanga, mapajani mwa mamake. Huyo alikuwa anaiangalia moja kwa moja. Anacheka.

Mteja aliyekuja kununua chaja alichungulia kioo, akaondoka bila chaja.

Nyuso zikaendelea. Kisha zikasimama kwa Derrick.

Derrick kwa mbali. Derrick karibu. Derrick karibu zaidi, jasho juu ya mdomo. Kisha shingo. Kisha mfuko wa shati. Kisha mfuko tena, karibu mno, hata nyuzi za kitambaa zikaonekana moja moja.

Kisha giza. Na ndani ya giza, pakiti za kadi. Zimepangwa. Zimeonekana kutoka ndani ya mfuko.

Nilisikia chupa ya soda ikigusa sakafu. Derrick alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua chake.

"Zilikuwa hapo?" nilimnong'oneza.

Aliitikia kwa kichwa. "Nilikuwa nimebeba za kuuzia watu wa matanga."

Mama Nabwile alisogea kwenye kioo, karibu kabisa. "Arikuwa anatafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Aritafuta mpaka akapata." Kisha akasimama, akanyoosha rinda lake. "Zote zitoke kwa hiyo duka. Utazivunja wewe mwenyewe, kando ya kaburi ya babako."

"Mama, hiyo ni stoki yote."

"Na ire sauti irikuwa yote."

Ilifanyika kesho yake alasiri, Kabuchai, miwa ikiwa imesimama kimya nyuma ya boma. Mama Nabwile aliketi kwenye kiti. Dinah alikuja mikono mitupu. Kamera aliifungia kabatini Kitale, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Nilimwona nao. Derrick aliweka jiwe kando ya udongo mpya, akamimina kadi zake kutoka kwenye karatasi ya nailoni, akachukua nyundo ya babake. Mwanzoni alipiga kwa hasira, akitusukumia lawama kila mmoja wetu kwa macho. Baadaye alipiga tu. Mwisho alikuwa analia na kamasi, na mama Nabwile hakumwambia aache.

Ile kadi ya kumuse ilivunjwa ya mwisho. Tulidhani yameisha.

Wiki iliyofuata Dinah alikuwa na harusi Kimilili. Alitoa kadi mpya ya Ngige, iliyojaribiwa, iliyofutwa, isiyo na kitu. Akaitia kwenye kamera. Kamera ikamwonyesha kwamba ndani kuna picha moja.

Alinitumia nauli nimfuate, akanionyesha. Kingo za picha ni nyeusi, kama udongo. Katikati ni mbingu ya alasiri, na ncha za miwa. Na Derrick, ameinama, anatazama chini kwetu. Nyundo imeinuliwa. Uso umelowa. Imepigwa kutoka chini yake.

Mimi nilisema kadi ichomwe. Dinah alisema picha si yetu kuchoma. Akaichapisha kwenye karatasi nzuri, tukaipeleka Kabuchai, na Derrick tukamkuta huko, amehamia kwa mamake tangu siku ile. Hakuomba kuiona. Aliiona tu.

Mama Nabwile aliishika muda mrefu.

"Mume wangu hakuwahi kushika kamera," alisema. "Watoto wa watoto wakiuriza, sina sauti ya kuwawekea. Nina hii. Itakaa sebureni, ikiangaria mrango. Kira anayeingia aione, na huyu mtoto wangu aione kira akiingia."

"Bado mzee amekasirika, mama?" Dinah alimuuliza.

"Wewe ungeacha?"

Akanyoosha kidole kwenye ukuta, mahali palipobaki alama nyeupe ya kalenda ya zamani. Hakutaja jina la mtu. Derrick ndiye aliyeinuka, akaenda jikoni, akarudi na msumari na nyundo ile ile. Aliupigilia taratibu. Aliitundika. Kisha akabaki amesimama pale, anajitazama akitazamwa kutoka chini, na nyundo bado iko mkononi.