Mteja Akisema Basi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku ndiye aliyefungua mlango wa saluni ya baba yake. Alifagia nywele za jana zilizojificha chini ya kiti, akafuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa maji, kisha akakung'uta kile kitambaa cheupe wanachofungwa wateja shingoni. Jina la Chiriku alipewa na wateja wenyewe. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo. Alimwuliza mteja huyu kwa nini kipara chake kinang'aa zaidi pembeni, akamwuliza yule kama ni kweli alifukuzwa na bata mzinga mpaka akapanda juu ya gari.

Baba yake, kinyozi, alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Lakini saluni yake ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mteja akisema basi, mashine inazimwa hapo hapo.

"Hata kama umefika nusu kichwa?" Chiriku aliwahi kuuliza.

"Hata nusu kichwa. Kichwa ni chake. Changu ni mashine tu."

Na siku moja ilitokea kweli. Mteja alipigiwa simu kwamba mkewe amejifungua. Aliruka kitini, "Basi, fundi, basi!" akatoka mbio, upande mmoja wa kichwa umenyolewa safi, upande wa pili kichaka. Mtaa mzima ulicheka mpaka ukashika mbavu. Tangu hapo anaitwa Nusu, na hajanyolewa kwingine tena. "Pale kwa kinyozi wangu," huwaambia watu, "unakaa kitini roho imetulia."

Mama yake Chiriku alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Aliugua, akapelekwa hospitali, wakubwa wa pale wakasema dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ilifika, mama hakuifikia, na wakubwa hawakuulizwa na mtu yeyote. Kilichobaki kikimkwaruza baba moyoni ni ahadi. Alimwahidi mkewe kwamba siku moja watafunga saluni, waende ufukweni, wakae tu watazame maji. Hawakwenda.

Likizo ya shule ilipoanza, Bibi, mama mzaa baba, alimjia juu mwanawe. "Utanyoa watu mpaka lini? Mtoto huyu hajaona maji mengi kuliko ya ndoo. Funga huo mlango twende!"

Wakafunga mlango, wakaenda watatu. Walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ndogo ya wageni, mashuka yamepigwa viraka lakini yananukia sabuni. Siku ya kwanza baba alikaa mchangani akitazama maji mpaka jioni. Chiriku alimwacha.

Siku ya pili, njiani kwenda ufukweni, dada mmoja mwenye kofia ya njano alimkingia Chiriku njia. Mkononi alikuwa na kadi zinazometameta.

"Kwangua, mdogo wangu! Kwangua uone bahati yako!"

Chiriku alikwangua kwa ukucha. Dada akapiga kelele kana kwamba amekanyaga moto. "Umeshinda! Tiketi za bwawa lenye bomba la kuteleza! Familia nzima!"

Chiriku aliruka juu. Hakujiuliza kwa nini mtoto aliyekuja nyuma yake naye alishinda, na yule wa nyuma ya yule pia.

"Mnaingia tu kwenye ukumbi ule," dada alisema, "mnasikiliza maelezo ya saa moja tu kuhusu hoteli yetu. Mkimaliza kusikiliza, tiketi zenu hizi hapa."

Baba alisita. "Watu hawagawi vitu hivihivi."

"Ni kusikiliza tu, Baba!" Chiriku alisema. "Saa moja! Tena kuna juisi na biskuti."

"Kuna biskuti?" Bibi aliuliza. "Ngoja nifunge kilemba vizuri."

Ukumbi ulikuwa wa baridi, una mapazia mazito na muziki wa sauti ya juu. Meza zilijaa familia zilizoshinda kama wao. Mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba cha kioo cheusi, na ndani yake kivuli cha mtu aliyekaa. Kila baada ya muda kengele ililia, wafanyakazi wote wakapiga makofi na kupaza sauti: "Hongera! Familia nyingine imejiunga!"

Kijana mmoja aliyevaa tai nyekundu alivuta kiti, akakaa nao karibu kabisa. Bibi alimpa jina pale pale: Tai. Alikuwa mcheshi. Alimsifia Bibi kilemba, akamwongezea biskuti.

"Na mama yuko wapi, mdogo wangu?" alimwuliza Chiriku.

Hapo mdomo wa Chiriku ukafunguka. Akaeleza kwamba mama amefariki, kwamba baba alimwahidi kumleta kutazama maji na hawakuwahi. Tai alitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana. Na shule je? Unaonekana una akili. Baba ameshajiandaa?"

"Ameshajiandaa! Mwakani naingia sekondari. Ada yote iko kwenye simu yake, hata ya sare!"

Baba alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Tai akaanza maelezo. Hawauzi nyumba, alisema, wanauza wiki. Unalipa leo, na kila mwaka, maisha yako yote, unapata wiki moja katika chumba kizuri kinachotazama maji. Alifungua picha moja baada ya nyingine: vitanda vipana, maua, watu wanaocheka wakiwa na meno meupe.

"Mwaka ambao hatuji?" Chiriku aliuliza.

"Mtakuja tu, mdogo wangu!"

"Lakini tusipokuja?"

"Kuna ada ndogo ya matunzo. Hiyo ni ya kila mwaka, mje msije."

"Na tukitaka kuacha?"

Tai aliwageukia wahudumu. "Jamani, bibi ameishiwa juisi!"

Saa moja ilipita, ikapita na ya pili. Ukumbini hakukuwa na saa ukutani wala dirisha la kuonyesha jua. Baba alikohoa, akasema kwa adabu, "Asante sana, kijana. Tutakwenda kufikiria."

"Ufikirie nini, mzee wangu? Bei hii ni ya leo tu. Ukivuka mlango ule, imekufa." Akakimbilia kwenye chumba cha kioo, akarudi anahema. "Nimekupigania kwa mkubwa. Amepunguza!"

"Nashukuru. Lakini hapana, basi."

Tai alilegea kama aliyepata msiba. "Nimewakosea wapi, mzee? Nimewahudumia kama wazazi wangu. Mmekunywa, mmekula." Baba, aliyekuwa ameshanyanyuka nusu, akarudi kukaa. Alilelewa kwamba huwezi kula kwa mtu, kisha ukamwacha na uso umemwanguka.

Tai alikimbia tena kwenye kioo, akarudi tena na punguzo. Baba akasema tena, "Basi, kijana wangu, kwa kweli basi." Sauti yake ilikuwa imechoka. Tai akasogeza kiti, akamwekea mkono begani.

"Mzee, nisikilize kama mwanao. Ulimwahidi marehemu. Hukuweza, si kosa lako. Lakini mtoto huyu amebaki. Utamwahidi naye halafu usimlete? Weka malipo ya kwanza tu. Ile pesa iliyo kwenye simu inatosha kabisa. Ada ya shule utaitafuta, si bado kuna miezi?"

Macho ya baba yalilowa. Polepole akatoa simu mfukoni. Akavaa miwani. Kidole chake kikaanza kubonyeza namba ya siri.

Chiriku alikitazama kile kidole. Ile ilikuwa sekondari yake inayobonyezwa pale. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyeleta kila kitu: kadi, habari za mama, habari za simu. Alimtazama baba. Shingo yake ilikuwa imeinama mbele, na mkono wa Tai umetulia begani. Shingo ile aliijua. Ni shingo ya mteja aliyefungwa kitambaa, anayesubiri kunyolewa.

"Baba!"

"Subiri kidogo, mwanangu."

"Baba, saluni kwetu mteja akisema basi, unafanyaje?"

Kidole kilisimama hewani. "Nazima mashine."

"Umeshasema basi mara ngapi tangu tuingie? Hawa mbona hawazimi?"

Bibi alicheka mpaka makombo ya biskuti yakamruka mdomoni.

"Haki ya nani! Mwanangu, umenyolewa wewe! Umebakiza upande mmoja!"

Baba aliitazama simu yake. Akaizima, akaitumbukiza mfukoni. Alisimama, akatikisa mabega kama mtu anayevua kitambaa na kukung'uta nywele.

"Kijana," alisema, "basi."

"Lakini kwa nini, mzee wangu? Nipe sababu moja tu!"

"Nikikupa sababu utaninyoa nayo. Sina sababu. Nina basi."

Mlango wa chumba cha kioo ukafunguka. Safari hii mkubwa mwenyewe akatoka: suti ya kijivu, viatu vinavyolia kwenye sakafu, tabasamu lisilofika machoni.

"Kuna tatizo gani hapa, mzee?"

Baba alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Kumbe ndiye wewe uliyekaa nyuma ya kioo. Afadhali umetoka. Kijana wa watu umemkimbiza huku na huku tangu asubuhi, anauza uso wake kwa niaba yako, wewe unatazama tu. Ndiyo tabia yenu. Maneno machafu mnawapa wadogo wayaseme. Wewe mwenyewe ungethubutu kumtaja marehemu mke wangu?"

Tai aliangalia chini. Mkubwa alikaza tabasamu. "Hakuna shida, mzee. Mnaweza kwenda. Ila zile tiketi ni za wanaojiunga."

"Si kweli!" Chiriku alisimama juu ya kiti. Sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kunyolea ilijaza ukumbi mzima. "Dada wa kofia alisema ni za kusikiliza! Tumesikiliza! Bibi amesikiliza mpaka amesinzia akaamka!"

"Mara mbili," Bibi alisema.

Meza zote ziligeuka. Kwenye meza ya jirani, mwanamume mmoja mnene alikuwa ameshashika kalamu, jasho linamtoka pamoja na ile baridi yote. Alimwuliza baba kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, kumbe inaruhusiwa kusema basi?"

"Kichwa ni chako, ndugu yangu."

Mwanamume yule aliweka kalamu mezani. "Basi!" alisema. Mkewe akachukua pochi. "Nilikuwa nakufinya tangu saa ile, hunisikii!" Meza ya nyuma yao ikanyanyuka. Mama mmoja mwenye mapacha akasema basi, mapacha wakaitikia kama wimbo, "Basi! Basi!" Viti vilikwaruza sakafu kila upande. Kengele ilining'inia pale pale, hakuna wa kuipiga.

Mkubwa alizitoa tiketi mfukoni, akaziweka mkononi mwa baba harakaharaka, kama mtu anayetupa kaa la moto. "Chukueni mwende. Tafadhali."

Nje jua lilikuwa kali na zuri. Mwanamume mnene alimpa baba mkono akausukasuka. Bibi alikuwa na biskuti nyingine tatu kwenye kibwebwe, na hakuna aliyemwuliza zimetoka wapi.

Lakini Chiriku hakucheka. Walipofika kwenye bwawa, alikaa kando na kulia.

"Ni mimi, Baba. Mimi ndiye niliyetaka vya bure. Mimi ndiye niliyemwambia habari za mama, na za ada."

Baba alikaa naye ukingoni, akakunja suruali, akatumbukiza miguu majini.

"Ni kweli, ulisema yasiyomhusu," alijibu. "Habari za nyumbani, mwanangu, na hasa za pesa, si za kumpa kila anayekuchekea. Hilo ulishike. Na kitu cha bure, uliza kwanza anayekitoa anataka nini. Lakini mimi kosa langu ni kubwa kuliko lako. Nilidhani adabu ni kuendelea kukaa. Adabu ni kumsikiliza mtu, kumshukuru, na kumjibu vizuri. Ukishamjibu, umemaliza. Anayekukatalia hata kulala ukaamka na jambo lake, huyo anajua ukiamka utakataa. Ukisema basi, simama. Huna haja ya kueleza, wala ya kuona haya. Hata awe mkubwa wa namna gani."

"Hata mwalimu mkuu?"

"Mwalimu mkuu akikuuzia wiki ya hoteli, ndiyo." Akatabasamu. "Mdomo wako umetuingiza mle, na mdomo wako umetutoa. Mama yako angekuwepo leo, angecheka mpaka akaanguka majini."

Lilikuwa neno la kwanza la furaha alilolisema juu ya mama tangu wafike. Chiriku alifuta machozi, akaegemea bega la baba, wakatazama maji pamoja.

Ghafla kelele ikasikika kutoka juu. Bibi alikuwa amepanda ngazi za bomba la kuteleza, kilemba kimekazwa, mikono imeshika kingo. Alisita, lakini watoto waliojipanga nyuma yake hawakuwa na subira. Akateleza, akashuka kama gunia la viazi, anapiga ukelele bwawa zima linasikia:

"Basi! Basi! Nimesema basi!"

"Hilo bomba halizimwi, Mama!" baba alipaza sauti, akicheka mpaka miwani ikamdondokea majini.

Bibi aliibuka, akatema maji, akaweka kilemba sawa.

"Haya," alisema. "Nani ananishika mkono? Narudia."