Kore Mbili Zilizofungwa

Jambo la kwanza lilikuwa kigoda. Mama alikuwa amepitiwa na usingizi kidogo juu ya meza ya kukatia, na alipoinua kichwa hakukiona kigoda chake mbele ya cherehani. Kilikuwa upande wa pili wa chumba, kando ya kiti cha binti yake, mbele ya kompyuta, kana kwamba watu wawili walikuwa wamekaa pale bega kwa bega. Ilikuwa saa tano asubuhi. Binti alikuwa uani anaanika nguo, na ndani hapakuwa na mtu mwingine. Mama alinung'unika kuhusu watoto wanaohamisha vitu bila kurudisha, akainama akichukue. Kilikuwa cha moto. Jua halikufika pembe ile. Lilikuwa lile joto linalobaki kwenye kiti mtu akiwa ameinuka sasa hivi.

Alikirudisha mahali pake, akakaa, akaendelea na kazi. Mwenye sare za shule nzima za kumaliza hana nafasi ya kuogopa kigoda.

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile, yeye na binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye watu wote walimwita Kidole kwa wepesi wa mikono yake. Chumba cha mbele kilikuwa karakana na sebule kwa pamoja: cherehani ya kukanyaga dirishani, kompyuta ukutani. Kidole alicheza gemu ya kulinda ngome, na timu yake ilikuwa inajiandaa kwa mashindano. Taabu ilikuwa kompyuta yenyewe. Adui akifika mlangoni picha inaganda, na ikiachia, Kidole ameshakufa.

Ndipo, wiki moja kabla ya kisa cha kigoda, akaitwa mjomba, kitinda mimba wa familia na fundi wa kompyuta, mtu wa mzaha mwingi na bisibisi kwenye mfuko wa shati. Alisema ubongo wa mashine, yaani prosesa, umechoka, wachague mwingine: wa kore mbili au wa kore nne. Akamweleza dada yake kwa lugha ya nyumba ile. Kore ni kama mafundi ndani ya karakana. Mbili ni mafundi wawili, nne ni mafundi wanne. Kidole alitaka nne bila kusikia neno jingine, kwa kuwa gemu mpya zote, alisema, zimeandikwa kwa nne, na mwenye mbili anabaki kutazama wenzake wakicheza. Mama alisema mafundi wawili wenye mkono mwepesi wanawashinda wanne wanaosubiriana mkasi mmoja. Mjomba alicheka, akakiri kwamba dada yake kasema kweli: gemu anayocheza mtoto inatumia mbili, na mbili zenye kasi ni bora kuliko nne za kujikokota. Kidole akanuna siku mbili.

Siku ya tatu mjomba alikuja na prosesa iliyotumika, akisema amewapatanisha. Ilikuwa ya kore mbili, lakini ndani yake kulikuwa na nyingine mbili zilizofungwa. Alijua njia ya kuzifungua: kuna ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, unabadilisha neno moja, basi. Ni sawa na kupanga vyumba viwili ukakuta funguo za vinne.

"Zilifungwa kwa nini?" Mama aliuliza.

"Kiwandani hufunga, dada. Nyingine zina hitilafu kidogo, nyingine ni biashara tu. Unafungua, ukiona mashine haigandi, umebahatika."

Mama alisema kila mlango uliofungwa una aliyeufunga. Lakini walikuwa wawili dhidi ya mmoja, na sare zilikuwa zinamsubiri.

Mashine haikuganda. Wiki ile Kidole alicheza kama aliyeota mikono ya ziada. Alimwonyesha mama yake pembeni ya skrini visanduku vinne, kimoja kwa kila kore, na ndani yake mstari unaopanda kazi ikizidi. Miwili ya kwanza ilipanda na kushuka pamoja na gemu. Wa tatu ulikuwa umelala tangu siku ya kwanza, umenyooka kama uzi uliovutwa. Mjomba alisema hiyo kore ni mbovu, wamshukuru Mungu kwa tatu. Wa nne ulikuwa juu kabisa. Ulikuwa juu Kidole akicheza, na ulibaki juu akiwa amefunga kila kitu.

"Inafanya kazi gani?" Mama aliuliza.

"Sijui, mama. Inafanya tu."

Mjomba alisafisha mashine kwa programu zake zote, akakuna kichwa, akaaga.

Baadaye ikaja harufu. Ilikuja saa sita mchana, wakati mtaa umenyamaza kwa joto, ikitoka kwenye matundu ya kisanduku cha kompyuta pamoja na upepo wa feni: harufu ya chumba kilichofungwa miaka, ya nguo zilizooza sandukuni, na ndani yake, kwa mbali, nywele zilizoungua. Mama alipangusa vumbi, akafungua dirisha. Harufu haikwenda na upepo. Ilikaa.

Kisha vidole. Kidole alikuwa anakula, mkono wa kulia unaleta tonge, na wa kushoto, juu ya meza, unabonyeza. Hapakuwa na kibodi pale. Mama alimshika mkono ule, akaukuta baridi kama chuma cha cherehani asubuhi, na chini ya kiganja chake vidole viliendelea. Kidole alimtazama kwa mshangao, kama anayeulizwa habari za mkono wa mtu mwingine. Alisema kwenye ngome sasa kuna mlinzi asiye na jina, anafanya kila alichotaka kufanya yeye, ila anakifanya kabla yake.

Kitu kimoja tu kilimfariji mama siku zile: kazi ilikwenda. Sare alizodhani bado hazijapindwa alizikuta zimepindwa, vifungo viko mahali pake, mishono midogo na sawa. Alijisifu kimoyomoyo. Uchovu una mambo yake, mtu hushona huku kalala.

Siku ile mbaya ilikuwa Jumatano. Kidole alikuwa amekaa mbele ya skrini tangu kunakucha, hageuki akiitwa. Saa sita ilipokaribia, mama aliona kwamba skrini ilikuwa nyeusi, haina gemu wala chochote, na binti bado anabonyeza, na ncha za vidole zimechubuka, na kila herufi ina doa jekundu. Hakupiga kelele. Alifanya jambo ambalo mama yeyote angelifanya: alikwenda ukutani, akachomoa waya.

Feni ilivuta pumzi ndefu, ikasimama, na Kidole akaanguka kama gauni linaloteleza kwenye hanga, bila kujikinga, macho wazi, na mama alipomgeuza akaona midomo inabadilika rangi na kifua kimetulia kabisa, akamwita, akampiga mashavu, akampulizia mdomoni, hakuna, hakuna, hata wazo likamjia, wazo la kipumbavu ambalo mwili wake ulilitii kabla akili haijalikataa, akatambaa mpaka ukutani, akachomeka waya, akabonyeza kitufe. Feni ikaanza. Kifua kikainuka. Vilianza pamoja na vikaendelea pamoja, kuingia na kutoka, feni na kifua.

Mama alikaa sakafuni na kichwa cha mtoto mapajani. Alielewa jambo moja tu: umeme ukikatika, hana mtoto.

Alimpigia simu mdogo wake, kisha shangazi yao. Shangazi alikuwa ameajiriwa miaka mingi kuunganisha simu, enzi za waya na matundu, na alipostaafu watu walianza kumletea waliopandwa na vitu, kwa sababu alijua kusema na wasioonekana bila kupandisha sauti. Alikuja na chupa ya maji na miwani yake. Alinusa chumba, akamsikiliza mama, halafu akamgeukia mjomba, akamuuliza kwa upole kitu hiki alikitoa wapi.

Mjomba alitazama viatu vyake. Alisema alikitoa kwenye kompyuta chakavu ya ofisi iliyohamwa. Akasema ndani ya kifuniko palikuwa na kipande cha karatasi ya gundi chenye mwandiko wa fundi.

"Kiliandikwa nini?" shangazi aliuliza.

"Mbili tu. Usifungue."

Mafundi huandikiana hivyo, hasara ya mmoja isije ikamrudia mwingine. Mama mwenyewe alimfundisha kila mwanafunzi wake kwamba neno la chaki juu ya kitambaa husomwa kabla ya kushika mkasi. Alimtazama mdogo wake, kisha akakiweka vizuri kichwa cha mtoto mapajani.

Njia ilikuwa moja: kuzifunga tena. Lakini ukurasa wa mipangilio unapatikana kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Shangazi aliuliza mtoto atakaa muda gani bila pumzi.

"Sekunde arobaini," mjomba alinong'ona. "Nisipokosea kitufe."

Shangazi alimnyunyizia Kidole maji usoni, akasoma aliyoyasoma, kisha akainama sikioni kwake na kusema kwa ile sauti laini ya kazini. "Halo. Nani yuko kwenye laini?"

Midomo ya Kidole ilifunguka. Sauti haikuwa nene wala ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyenyamaza muda mrefu. "Mlinifungulia wenyewe."

"Walikosea namba, bwana. Nakuomba radhi kwa niaba yao."

"Mgeni akifunguliwa mlango, hufukuzwa?"

"Huagwa. Nami nakuaga. Mko wangapi kwenye laini hii?"

Feni ilizunguka mara kadhaa. "Hapa niko peke yangu."

Shangazi alikunja uso, kama aliyesikia kitu nyuma ya sauti, akataka kuuliza tena, lakini mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umeanza kupanda taratibu kuelekea kooni kwake mwenyewe. "Laini inakatwa," alisema. "Zima."

Mjomba alizima, kifua kikatulia, na mama akaanza kuhesabu, moja, mbili, akiwa ameushika ule mkono wa baridi kwa mikono yake miwili, na hadi kumi skrini ilikuwa nyeusi, na hadi ishirini harufu ilikuwa imejaa chumba hata mdomoni akaionja, na mjomba akibonyeza kitufe huku jasho likimwingia machoni, na ukurasa ukapita, akauona unapita, akasema nimeukosa, dada, nimeukosa, akazima tena, na mama hakuacha kuhesabu kwa sababu hesabu ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yake na mtoto, hamsini, hamsini na moja, midomo ikiwa rangi ya wino, na kitu ndani ya kisanduku kikigonga bati kutoka ndani, polepole, kwa adabu, kama mpangaji anayeomba asitolewe vitu nje, sitini na saba, ukurasa ukafunguka, mjomba akashuka mstari kwa mstari, akabadilisha nne ikawa mbili, akabonyeza.

Kugonga kukakoma. Feni ikaanza.

Kifua hakikuinuka.

Feni ilizunguka, na Kidole alilala, na kwa mara ya kwanza vile viwili havikwenda pamoja. Mama alifika themanini na tatu. Kidole akakohoa, akavuta hewa kwa sauti mbaya, akalia. Shangazi akaamuru mashine izimwe. Ilizimwa. Mtoto aliendelea kupumua, kwa mwendo wake mwenyewe.

Mjomba aliichomoa prosesa, wakaitia kwenye kopo la vifungo, mama akalifunga kwa uzi mzito, na shangazi akaondoka nalo bila kusema anakwenda kulizika wapi.

Jioni Kidole aliomba chakula, na mkono wa kushoto ulikuwa na joto. Alisema mashindano yawe mwakani, na kompyuta ikipata kore mbili za kawaida zinatosha. Mjomba aliahidi kuzileta mpya, ndani ya boksi lake. Mlangoni mama alimuuliza habari ya ile ya tatu, ambayo mstari wake haukuwahi kupanda.

"Ile ilikuwa mbovu, dada. Haikuwa na kitu ndani."

Mama alirudi ndani. Palikuwa na gauni la bibi harusi ambalo alikuwa amelitundika asubuhi, pindo halijaguswa. Alilishusha ili alianze. Pindo lilikuwa limeshonwa lote, mishono midogo na sawa. Alikaa kwenye kigoda, akalitazama.

"Mama," Kidole aliita kutoka kitandani, kwa sauti ya chini. "Nikuambie kitu, usikasirike. Mchana ukilala pale mezani, mikono yako haiachi kushona. Siku nyingine unachukua kigoda unakuja kukaa karibu yangu, unatazama skrini. Nikikusemesha hunijibu. Nilidhani ni uchovu."

Mama alitaka kujibu. Alisikia cherehani inazunguka, akatazama chini, akaona mguu wake unakanyaga. Kwenye gauni mkono wa kushoto ulikuwa unalisukuma pindo, na alipougusa kwa wa kulia, ulikuwa wa baridi.

Aliuambia mguu usimame. Cherehani iliendelea.